Vipuri vya ambulensi kuukuu havitafutwi kwa pesa pekee

Kuna dhana iliyoota mizizi miongoni mwetu, hasa sisi tuliozeekea madarasani, kwamba kulifufua gari kuukuu ni suala la fedha tu. Ukiwa nazo, husemwa, utavipata vipuri. Ukivipata, fundi atavifunga. Akishavifunga, gari litanguruma. Dhana hiyo ina walakini mkubwa, na leo naomba nafasi niueleze kwa kutumia gari moja ambalo, kwa muda wa mwaka na ushei, limenifanya kuwa mgeni wa kila Jumamosi katika gereji moja jijini Nairobi. Msomaji asistaajabu kumwona mwanaisimu akijitia katika habari za breki na giaboksi. Nilikwenda huko kukusanya msamiati wa mafundi, kazi ambayo ndiyo yangu, nikajikuta nikishika tochi, nikibeba masanduku na kutumwa dukani kama mwanagenzi yeyote yule.

Gari lenyewe ni ambulensi. Ni Land Rover ya aina ya Series IIA, zilizoundwa Uingereza kati ya 1961 na 1971, yenye inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Hii yetu ilitoka kiwandani katikati ya miaka ya 1960, ikapelekwa katika hospitali moja ya mashambani, na huko ikabeba wagonjwa, waja wazito na hata maiti hadi miaka ya 1980, ilipoegeshwa chini ya mwembe na kuachiwa kuku. Waliokuwa wauguzi katika hospitali hiyo, pamoja na watu wazima ambao mama zao huwaambia kuwa walizaliwa ndani ya gari hilo kabla ya kufika wodini, waliunda kamati na kuchanga. Nia yao haikuwa kuiweka ambulensi katika makumbusho. Walitaka itembee, siku ya wazazi ishuke kilima hadi shule ya msingi iliyo bondeni, ipakie watoto, kisha ipande nao tena.

Safari hiyo ndiyo iliyolifanya suala la vipuri kuwa zito. Gari la maonyesho likikosa breki uwanjani, wenyewe hupata aibu. Gari lililojaa watoto likikosa breki mteremkoni, hilo ni jambo jingine kabisa.

Kabla ya kutafuta kipuri chochote sharti ulijue gari lako, na hapo ndipo taaluma yangu na ya fundi zilipokutana bila kutarajiwa. Nambari ya chesisi ya Land Rover za wakati ule ina sehemu tatu. Tarakimu za mwanzo hueleza aina ya gari, urefu wake, upande wa usukani, na hata kama lilisafirishwa likiwa zima au likiwa vipande vya kuunganishiwa ng'ambo. Katikati ni nambari ya mfululizo. Mwishoni kuna herufi moja, na herufi hiyo, katika vitabu vya vipuri vya Waingereza, huitwa kwa neno lile lile ambalo wanaisimu wao hulitumia wanapozungumzia kiambishi tamati. Kila wahandisi walipobadilisha jambo kubwa katika muundo wa gari, herufi ilisonga: A ikawa B, B ikawa C. Basi kipuri hakina budi kupatana na kiambishi hicho jinsi kivumishi kinavyopatana na ngeli ya nomino yake. Nimewafundisha wanafunzi upatanisho wa kisarufi kwa miaka mingi na sikuwahi kuwa na mfano unaoshikika kwa mkono kama huu.

Kibao chetu cha nambari kilikuwa kimesuguka, herufi ya mwisho ikabaki nusu. Mmoja wetu aliiona B, mwingine akaapa kuwa ni D. Fundi, mzee wa miaka sitini na kitu ambaye hakumaliza shule ya msingi, hakujiunga na mjadala. Alichukua brashi ya waya na mafuta taa, akajilaza chini ya gari upande wa mbele kulia, akakwangua rangi mahali ambapo chesisi hushikilia springi. Nambari ile ile imegongwa hapo, katika chuma chenyewe. Ilikuwa B.

"Mwalimu," akaniambia akijikung'uta vumbi, "kibao huweza kuhama. Chesisi haihami."

Hata hivyo, mambo hayakuishia hapo. Injini na giaboksi zina nambari zao na herufi zao, ambazo hazifuati za chesisi. Hapo tulimhitaji dereva. Mzee huyu, ambaye sasa amepita miaka themanini, aliiendesha ambulensi tangu siku za mwanzo mwanzo. Aliletwa gerejini na mjukuu wake, akaketishwa juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, akaanza kusimulia gari kama mtu anayesimulia ukoo. Injini, alisema, si ile iliyokuja nayo. Ya kwanza ilikufa katikati ya miaka ya 1970, ikatolewa nyingine katika gari la afisa wa kilimo lililopinduka. Ekseli ya nyuma ilibadilishwa mara moja. Springi za kushoto zina jani moja la ziada, kwa kuwa machela ya chini ilikuwa upande huo. Hakuna faili hospitalini iliyoyaandika hayo. Fundi alikuwa akisikiliza huku akiyathibitisha kwa spana, na kila alichosema mzee kilikuwa hivyo hivyo. Dereva alimwita fundi "kijana wangu", na fundi, mwenye wajukuu, aliitika "naam, mzee".

Habari za injini zilituokoa na gharama kubwa. Injini ya petroli ya Land Rover hizi, yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 2,286, ilikuwa na krankishafti iliyoegemea beringi kuu tatu, hadi mwaka wa 1980 ilipoanza kuundwa yenye beringi tano. Kwa nje zinafanana kama mapacha. Tayari dalali mmoja alikuwa ametuletea krankishafti safi, iliyopakwa grisi na kufungwa karatasi, akisifu kuwa ni ya "Landi ya zamani". Ilikuwa ya beringi tano. Ya zamani ilikuwa kweli, ila si zamani yetu.

Sasa nije kwenye kutafuta. Ukitaka vipuri jijini Nairobi, utaelekezwa Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado huiita Grogan. Maduka mengi huko siku hizi huuza vya magari ya Kijapani, na ni haki yao, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyojaa barabarani. Lakini yapo maduka machache yenye rafu za nyuma, na rafu hizo zina visanduku vya karatasi vilivyofifia ambavyo havijafunguliwa tangu mwenye duka alipokuwa kijana. Mmoja wa wenye maduka hayo, aliyerithi biashara kwa babake, hahitaji kitabu. Unamtajia kifaa, yeye anakutajia nambari ya tarakimu sita, kisha anakuambia kama anacho. Nambari zenyewe zina historia. Rover ilipojikuta ndani ya British Leyland mwaka wa 1968, vipuri vingi vilikuja kupewa nambari mpya zenye herufi mwanzoni, na baadhi vikabadilishiwa nambari zaidi ya mara moja. Kifaa ni kile kile, jina ni jingine. Mtu anayeagiza kwa jina jipya tu huambiwa hakipo, ilhali kimelala rafuni kwa jina lake la kale. Mwenye duka alikuwa na daftari la babake, lililoandikwa kwa kalamu ya wino, lenye safu mbili za nambari: ya zamani na ya sasa. Mimi nililiona kuwa ni kamusi, tena kamusi nzuri kuliko nyingine nilizowahi kuzipitia.

Vingine vilitoka mbali. Uhindi kuna viwanda vinavyotengeneza vipuri vya Land Rover kuukuu, na Uhispania kampuni ya Santana iliunda magari hayo kwa leseni kuanzia 1958, hivyo baadhi ya vipuri vyake vinaingiliana na vya Uingereza na vingine haviingiliani. Vingine tulivipata katika mashamba ya Laikipia na Naivasha, kwenye mizoga ya magari iliyomezwa na nyasi. Hapo palihitaji adabu. Huwezi kumwendea mtu ukamwambia gari la marehemu babake ni chuma chakavu. Unaketi, unakunywa chai, unaulizwa ambulensi hiyo ni ya hospitali gani, na mara nyingine unapewa kifaa bure kwa sababu mwenye nyumba alilazwa huko.

Sitaficha kuwa biashara hii ina upande wake mchafu. Kila mkazi wa Nairobi anakijua kile kisa cha mtu aliyeibiwa kioo cha gari asubuhi akauziwa kioo hicho hicho alasiri. Kwa gari la miaka sitini hatari hiyo ni ndogo, kwani mwizi hana soko. Hatari yetu ilikuwa bandia.

Hebu nieleze istilahi za gereji katika jambo hili, kwa sababu kamusi zetu nyingi zitakupa "halisi" na "bandia" zikakuacha hapo. Fundi ana madaraja manne. Kuna "jenuini", yaani kifaa kilichokuja katika kisanduku chenye jina la mwenye kuunda gari. Kuna "ya kampuni", yaani kifaa cha kiwanda kilichomtengenezea mwenye gari tangu awali, kama vile Girling kwa breki na Lucas kwa umeme. Hicho ni sawa na jenuini isipokuwa kisanduku. Kuna "kopi", kilichoigwa na kiwanda kingine bila kuficha jina lake, na ambacho huenda kikawa kizuri au kibaya. Halafu kuna "feki", ambacho ni kopi inayodanganya jina. Angalia jinsi tofauti hizo zilivyo za kimaadili pia. Kopi haina dhambi. Feki ina dhambi hata kama chuma chake ni imara. Nchi yetu ilitunga sheria dhidi ya bidhaa ghushi mwaka wa 2008, lakini sheria haikai gerejini. Anayekaa gerejini ni fundi.

Gari letu lina breki za ngoma katika magurudumu yote. Magurudumu ya mbele yana silinda ndogo mbili kila moja, ya nyuma moja moja, jumla sita, na ndani ya kila silinda mna mipira inayozuia mafuta ya breki yasivuje. Tuliuziwa seti kamili ya mipira hiyo katika vifuko vyenye jina kubwa la kiwanda cha kuheshimika. Bei yake ilikuwa ya kuheshimika vilevile. Sote tulifurahi isipokuwa fundi. Alichukua mpira mmoja wa seti mpya na mmoja wa kuukuu lakini mzima, akaipima vipenyo, akaitumbukiza katika chupa mbili za jemu zilizojaa mafuta ya breki, akafunga vifuniko na kuviweka juu ya rafu. Jumamosi iliyofuata tulizifungua. Mpira wa zamani ulikuwa vile vile. Mpya ulikuwa umevimba na kulainika kama ufizi.

Mpira wa breki hutengenezwa kwa aina maalumu ya raba inayostahimili mafuta ya breki. Raba isiyofaa huyanywa mafuta hayo, na kinyume chake, raba inayofaa huharibiwa ikitiwa mafuta ya kawaida ya injini. Mpira uliovimba ndani ya silinda hukwama. Breki zitashika safari ya kwanza, labda na ya tano. Siku moja hazitaachia, au zitaachia zisishike tena. Nilimuuliza fundi jaribio lile alifundishwa na nani. Akasema alifundishwa na fundi aliyemfundisha kazi, kule kwenye karakana ya mabasi, na kwamba yule bwana alilianza baada ya basi moja kumshinda dereva. Hakuongeza neno. Tulirudisha seti ile. Muuzaji hakubisha sana. Mipira tuliyoifunga hatimaye ilitoka katika rafu ya nyuma ya yule mzee wa daftari na, ingawa ilikuwa ya kampuni na ndani ya kisanduku chake, fundi aliitia chupani wiki nzima kabla ya kuikubali.

Nirudi kwenye ulingano wa sarufi na chuma, kwa kuwa upo mwingine unaonichekesha. Magari ya Uingereza ya kipindi hicho yalikuwa yakihama kutoka mfumo mmoja wa nyuzi za boliti kwenda mwingine, na Land Rover ilichanganya mifumo hiyo ndani ya gari moja, kama mwanafunzi wa Nairobi anavyochanganya ndimi katika sentensi moja. Nyuzi za kale, zilizofuata mfumo wa Whitworth, zina pembe ya nyuzi 55. Zile mpya za inchi na hizi za milimita tulizozizoea zina pembe ya 60. Boliti ya inchi 5/16 ni milimita 7.94. Nati ya milimita 8 itaingia. Itazunguka mara moja au mbili, kisha itakaza, na kijana anayejifunza kazi atafurahi kwa kuwa imekaza. Kumbe haikukaza, imekwama, nyuzi zikiwa zinaumana. "Kukwama si kushika," fundi alimwambia mwanagenzi wake, akamfanya afungue boliti zote alizofunga asubuhi hiyo. Hata spana zenyewe hazisemi lugha moja: nambari ya spana ya Whitworth hutaja unene wa boliti, ilhali ile ya mifumo ya baadaye hutaja upana wa kichwa cha nati. Spana mbili zenye maandishi yanayofanana huweza kutofautiana kwa upana unaoonekana kwa macho.

Kuhusu umeme sitasema mengi. Katika gari letu upande wa chanya wa betri ndio unaofungwa kwenye chesisi, kinyume cha magari ya leo. Walitushauri wengi tuondoe dinamo ya kale tufunge alteneta. Inawezekana, ilmuradi ugeuze pande za betri na nyaya nyingine kadhaa. Usipofanya hivyo, alteneta huungua mara unapoiunga. Kamati iliamua kubaki na dinamo. Brashi zake za kaboni hazikupatikana popote, kwa hiyo mwanagenzi alichukua brashi kubwa za stata ya lori akazisugua kwa tupa na msasa hadi zikaenea. Ilimchukua siku nzima, na zinafanya kazi.

Ushauri uliokuwa mgumu zaidi kuukataa ni wa injini. Madalali na hata baadhi ya wanakamati walitaka tuing'oe ile ya petroli tufunge ya dizeli iliyotumika Japani: haili mafuta mengi, vipuri vyake viko kila kona, na fundi yeyote anaijua. Siwalaumu. Mkulima mwenye Land Rover ya kubebea maziwa angefanya hivyo nami ningempongeza. Lakini hapa dereva alikuwa ameshatuambia habari za afisa wa kilimo. Injini ile, ingawa si ya kwanza, ndiyo iliyowapeleka wodini watu waliochanga pesa. Tuliirekebisha. Krankishafti ilichongwa ikapungua inchi 0.020, tukafunga beringi nene zaidi za kipimo hicho, na silinda zikasafishwa. Gharama ilikuwa karibu sawa na ile ya kununua injini ya Kijapani, jambo ambalo mweka hazina anaendelea kutukumbusha.

Bodi ilitufikisha kwa mafundi wa jua kali. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka wa 1948, wakati chuma cha pua kikiwa cha kugawiwa kwa mgao huko Uingereza baada ya vita, ndiyo maana bodi zake zikaundwa kwa aloi ya alumini. Alumini hailiwi na kutu kama chuma. Ila panapogusana alumini na chuma, unyevu ukiingia, alumini huliwa taratibu ikageuka unga mweupe. Vigae vya ubavuni vilikuwa vimeliwa hivyo penye kila ukingo. Fundi mmoja wa Kamukunji, anayejulikana kwa masanduku ya shule, alitukatia na kutukunjia mabati mapya ya alumini kwa nyundo na mti tu, bila mashine, akayapigia ribiti. Alitengeneza pia reli mbili ambamo machela huteleza. Reli hizo hazina nambari katika kitabu chochote, maana bodi ya nyuma iliundwa humu nchini. Alipewa kipande kimoja kilichopinda na machela yenyewe, akaambiwa, "Hii ipite hapa." Ikapita.

Na sasa nitasema lililo langu. Mwanagenzi wa fundi alimaliza kidato cha nne. Kitabu cha matengenezo cha gari hilo kimeandikwa kwa Kiingereza, na nilipoombwa nimfasirie sura ya breki niliona kazi rahisi. Sivyo. Kitabu kinatenganisha kulegeza, kufungua na kutoa. Mazungumzo ya gereji hutumia "fungua" kwa yote matatu. Maagizo yanasema ulegeze kirekebishi kabla ya kutoa ngoma. Ukisoma "fungua kirekebishi", kijana atakitoa kabisa, na kukirudisha ni mashaka. Tukakaa sisi watatu tukakubaliana: legeza ni kuzungusha bila kutoka, fungua ni kuzungusha hadi kutoka, toa ni kuondoa kifaa mahali pake. Kile kirekebishi chenyewe, ambacho umbo lake hujizungusha kikikua, fundi hukiita konokono. Nilipomwambia kuwa Waingereza nao wamekiita kwa jina la mnyama huyo, alitabasamu tu. Yeye alikuwa amekitazama.

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Wanafunzi wa gredi ya 7 hadi ya 9 wanasoma somo la maandalizi ya ufundi, na wanalisoma kwa Kiingereza. Sisemi lugha hiyo iondolewe. Kitabu cha Land Rover hakitajifasiri chenyewe. Nasema kwamba istilahi za ufundi hatuzikosi. Ziko gerejini, na baadhi ni za mkopo: spea, beringi, gasketi, nati. Wenzangu wapo wanaozikunjia uso, wakitaka "vipuri" tu pasiwe na "spea". Mimi naona maneno hayo yote yana kazi, na neno lililokwisha kuvaa irabu za Kiswahili na kuishi miaka sitini midomoni mwa mafundi ni la Kiswahili. Ninachowaomba walimu wa Kiswahili ni kidogo. Tumewapa wanafunzi insha za methali kwa miongo mingi. Mara moja kwa muhula, watumeni kwa fundi aliye karibu na shule, awe wa baiskeli au wa jiko, wakaandike anafungaje kifaa kimoja, kwa maneno yake, kwa mpangilio ambao mtu mwingine angeweza kuufuata. Mtashangaa kuona ugumu wa sentensi sahili. Jaribio la chupa ya jemu, kwa mfano, sikulikuta katika kitabu chetu cha matengenezo. Lilikuwa katika kichwa cha mzee mmoja, na sasa limo pia katika daftari la kijana mmoja.

Lilibaki suala la kengele. Mbele ya ambulensi, juu ya bampa, pana kishikio chenye matundu matatu. Dereva alieleza kwamba palikuwa na kengele ya chuma king'aacho, na kwamba gari lilipoegeshwa, kengele ilipelekwa katika ile shule ya bondeni. Ipo hadi leo, imeninginizwa kwenye tawi, hugongwa kwa kipande cha nondo. Kamati ilinituma mimi, kwa kuwa ni mwalimu, nikazungumze na mwalimu mkuu. Nilikwenda na barua na pesa za kununulia kengele nyingine.

Mwalimu mkuu alinipokea kwa heshima, akaisoma barua hadi mwisho, akanirudishia bahasha ya pesa bila kuifungua. "Daktari," alisema, "hii ndiyo iliyoniita mimi nikiwa darasa la kwanza. Nikiwaletea watoto nyingine, nitawaambia ile imekwenda wapi? Imerudi garini?" Nilijaribu hoja ya uasilia. Alinisikiliza, kisha akatazama saa yake na kumwashiria mwanafunzi mmoja, ambaye alikwenda akaigonga. Uwanja mzima ulinyamaza, kisha ukakimbia.

Kamati iligawanyika. Wapo waliotaka tumwendee chifu. Wapo waliotaka tuchongeshe ya mfano huo kwa wafua shaba wa Kariobangi. Dereva, aliyeulizwa mwisho, alisema kengele ina kazi, iacheni. Basi kishikio kimepakwa rangi na kuachwa kitupu, na mimi naunga mkono uamuzi huo, ijapokuwa najua yupo mpenda magari ya kale atakayesoma hapa na kuguna.

Ambulensi imekwisha kuzunguka uwanja wa gereji mara nyingi na kusimama kila ilipoambiwa isimame. Kinachokosekana sasa ni kebo ya spidomita ya gari la usukani wa kulia la inchi 109. Tulizopata zote ni fupi. Msomaji aliye na mzoga wa Land Rover ya miaka ile shambani kwake asiuuze kwa kilo kabla ya kuchungulia nyuma ya dashibodi.